Antena Niliyoilaza

Ndege yetu ilipoacha kufanana na kitanda kilichokosewa na kuanza kufanana na ndege, nilikuwa sili nikashiba. Nameza matonge mawili, nimeshasimama, naelekea bandani kuiangalia tena kana kwamba kuna mtu angeihamisha. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Makanyagio: bati juu, maturubai pembeni, na ndani yake mifupa ya mbao nyeupe, viti viwili, na injini iliyofunikwa blanketi. Majirani walikuwa wanachungulia na kuniuliza itabeba magunia mangapi. Nilikuwa nawajibu kwa ukali, "Watu wawili na pumzi zao, basi," halafu najikuta natabasamu kutwa nzima.

Mimi ni fundi redio na televisheni. Baba alishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake akitarajia nishike fimbo, nikashika bisibisi. Kwa miaka mingi nimepanda mabati ya mji huu nikifunga antena za televisheni, na nasema bila haya kwamba nyumba nyingi za Makanyagio zilipata picha safi kwa mikono yangu. Mambo ya mbao nilikuwa nimejifunza kwa kukosea, na injini ilinitoa jasho hadharani. Ila tulipofika kwenye antena nilipiga makofi. Hapo, nilimwambia mke wangu, nimefika nyumbani.

Mke wangu ni fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na stendi. Michoro tuliyoagiza ilisema mifupa ya ndege ifunikwe kitambaa maalumu, kigundishwe, kipigwe pasi mpaka kikaze, ndipo kipakwe rangi. Aliposoma ukurasa ule alinyanyua macho akasema, "Kumbe ni nguo. Nguo kubwa tu." Kuanzia siku ile ndege ikawa na mafundi wawili, na mmoja wao alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Alipima mabawa kwa futi yake ya kamba, akakunja uso kama anampima bibi harusi, akaniambia bega la kushoto limepanda kidogo. Nilibisha. Nikapima. Lilikuwa limepanda kidogo.

Aliweka sharti moja. "Mume wangu, kila kitu cha ndani kiishe kabla sijafunga. Nyaya, kamba, sijui antena zako. Nikishafunga, sifungui."

"Sawa."

"Usiniambie sawa ya haraka haraka."

"Sawa," nikasema polepole, tukacheka.

Sharti hilo halikutoka hewani. Wateja wake humwambia kiuno kipunguzwe, kesho wanakuja wanapiga kelele nani kapunguza kiuno. Kwa hiyo ana mtindo wake: kwenye kila kazi anabandika ndani kipande kidogo cha kitambaa, anaandika kwa kalamu maneno ya mteja, na mwisho anamalizia, "Kasema mwenyewe." Mteja akileta ubishi, anageuza nguo, anamwonyesha. Nimewahi kuona mama mzima akisoma kile kipande na kuondoka bila neno.

Basi tukaanza kupanga antena. Jamani, hizo zilikuwa siku tamu! Nilitandaza mchoro wa ndege mezani, nikachukua vizibo vya soda vinne, kila kimoja antena yake. Chekundu, redio ya kuzungumza na uwanja. Cheupe, ile inayopokea setilaiti ili ujue uko wapi. Cha kijani, ya kujibu rada. Cha bluu, ya dharura, inayoita msaada ndege ikianguka. Nilikuwa navisogeza kutwa, natia chumvi kwenye uji badala ya sukari. Ilikuwa kazi ya kupanga wageni wenye visirani kwenye harusi: huyu anataka kuona mbingu, yule hataki kukaa karibu na injini kwa sababu ya mikwaruzo, hawa wawili wakikaribiana wanavurugana. Mke wangu alikuwa anapita na kikombe chake, anasukuma kizibo kwa kidole. "Hii ya rada iko chini ya kiti changu. Iondoe kwenye tumbo langu." Nikaiondoa, nikaipeleka chini nyuma ya viti.

Shida ilikuwa ile nyekundu. Ndege za bati zina bahati, bati lenyewe linaisaidia antena. Unachomeka fimbo moja juu ya mgongo na bati chini yake linafanya kazi ya nusu nyingine. Yetu ni mbao na kitambaa. Fimbo moja juu ya kitambaa ni sawa na kusimama kwenye maji. Kwa hiyo nilichagua antena ya mikono miwili, tepe mbili za shaba, kila moja fupi kidogo kuliko mkono wangu, zimepangwa kwenye mstari mmoja, waya ukiingilia katikati. Na kwa kuwa mbao na kitambaa havizuii mawimbi, ningeweza kuificha ndani kabisa. Hakuna tundu, hakuna kitu kinachochomoza kwenye upepo! Niliruka. Kweli niliruka, nikagonga kichwa kwenye bawa.

Nikazigundisha zile tepe kwenye ubao wa chini nyuma ya viti, karibu na redio, ili waya uwe mfupi, kwa maana waya mrefu hula nguvu. Nikazilaza. Sikufikiri hata dakika moja. Kila antena niliyowahi kufunga juu ya bati la mtu ilikuwa imelala, na mkono wangu ukailaza hii nayo kama unavyofunga kifungo cha shati bila kutazama.

Kabla ya kufunga kitambaa, tulitakiwa kujaribu. Kibali cha majaribio tulikuwa nacho, na redio ya mkononi tulikuwa nayo. Mtu wa kwenda nayo mbali alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mfuga nyuki wa upande wa Ugalla. Siku zile alikuwa mjini kuuza asali, na alikuwa na pikipiki.

Inabidi niseme kidogo kuhusu mimi na huyu bwana. Shemeji kwa shemeji ni kutaniana, hiyo kila mtu anaijua, lakini sisi tulikuwa tumepitiliza. Aliwahi kunipigia simu kwamba baba mkwe amebadilisha mawazo na anamtaka binti yake arudi nyumbani, nikaamini, nikavaa viatu niende kumbembeleza. Mimi nilimtangazia sokoni kwamba asali yake imechanganywa na uji. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: kila akitaka kunidanganya uongo mkubwa, alianza na "Shemeji, utani pembeni."

Akaenda na pikipiki barabara ya Ugalla mpaka nyumba zikaisha. Mimi nikakaa kwenye kiti cha rubani ndani ya mifupa, nikabonyeza kitufe, nikazungumza kwa sauti ya watu wa uwanja wa ndege. Nikahesabu moja mpaka kumi. Nikarudia. Halafu nikampigia simu.

"Vipi, unanipata?"

"Shemeji, utani pembeni," akasema, "hapa sisikii kitu. Mkwaruzo tu."

Nikacheka mpaka machozi. "Umeanza!"

"Wallahi sisikii. Labda hapo unaongea na kuku."

"Na nilisema nini mwisho?"

"Nitajuaje na sikusikia?"

"Haya, rudi, mwongo wewe. Chai iko tayari."

Akarudi, akanywa chai, akasema tena kwamba hakusikia. Nikamtupia tambara. Pale bandani, akiwa hatua kumi, redio ilikuwa inanguruma vizuri mno. Hatua kumi hata antena mbovu husikika, lakini kwangu ule ulikuwa ushahidi. Akaondoka zake kwenye mizinga. Jioni mke wangu alirudi kutoka kibandani, akavua viatu, akaniuliza, "Antena imekubali?"

"Imekubali."

"Umesikia mwenyewe?"

"Wewe nawe! Funga kitambaa."

Alifunga kwa wiki saba. Nitazikumbuka mpaka nife. Asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni baada ya kurudi, alikata, akagundisha, akapiga pasi ya umeme akiwa na kipimajoto pembeni, maana joto likizidi kitambaa kinaungua na likipungua hakikazi. Alifunga mabawa kwenye mbavu zake kwa uzi mnene, fundo moja moja, mpaka vidole vikachanika akavizungushia plasta. Pezi la mkia, lile bawa dogo linalosimama wima nyuma, alilimaliza mwisho. Ndilo alilolipenda, kingo zake za mviringo zilimsumbua siku nne, na lilipokaza bila kunyanzi hata moja aliliita mtoto wake wa mwisho. Nikapaka rangi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliimba kanisani kwa sauti ya kwanza, na mimi ni wa nne.

Ndipo mkaguzi wa ndege akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mpole. Angekuja baada ya wiki tatu, akaniambia, na kitu cha kwanza angeangalia ni redio, kwa sababu uwanja wetu unapokea ndege za abiria na za watalii wanaokwenda mbugani. Redio isiposikika vizuri, ndege haitoki bandani, na yeye asingerudi mpaka mwakani. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, hiyo ndiyo fani yangu.

Kwa raha tu, wala si kwa shaka, niliamua nisikie mwenyewe. Jumamosi nilimweka mke wangu kwenye kiti cha rubani, nikamwonyesha kitufe, nikapanda bodaboda na redio ya mkononi barabara ya kwenda Sibwesa. Tulifika mahali penye mashamba ya mahindi, mama mmoja ameketi kando ya magunia akisubiri usafiri. Nikashuka, nikaisimamisha redio usoni kwangu kama rubani.

Mkwaruzo.

Nikazungusha sauti. Mkwaruzo. Nikampigia simu mke wangu: "Ongea!" "Naongea!" Nikapanda juu ya kichuguu. Hakuna kitu. Nikaanza kufoka, na hakuna aliyenikosea, nikamfokea dereva wa bodaboda kwamba injini yake inaleta mikwaruzo, na injini ilikuwa imezimwa. Mama wa magunia akanitazama kwa huruma. "Pole, baba. Salio limekwisha?"

Nikaitupa ile redio juu ya gunia la mahindi nijifute uso. Ikalala. Na hapo, juu ya gunia, nikasikia sauti ya mke wangu, safi kabisa, kila neno: "...na huyu mbuzi wa jirani ameingia tena, shika adabu yako, toka! Haloo? Mume wangu? Unanisikia au?"

Nikaiokota, nikaisimamisha. Kimya. Nikailaza. "Toka, nimesema!" Nikaisimamisha. Kimya. Nikailaza tena, sauti ikarudi. Imelala! Antena yangu imelala, kwa hiyo mawimbi yake yamelala, na yanasikika na aliyelala mwenzake tu. Na watu wote wa angani, uwanja na marubani wote duniani, antena zao zimesimama. Niliwahi kulisoma hili, ukurasa huo ninao mpaka leo, nimechora hata nyota pembeni. Nikapiga kelele kwa furaha ya kuelewa, nikamkumbatia dereva niliyetoka kumfokea, mama wa magunia naye akacheka bila kujua anachekea nini.

Furaha ile ilidumu mpaka karibu na njia panda. Kisha nikakumbuka kitambaa. Nikamkumbuka shemeji barabarani Ugalla, redio imesimama mkononi mwake, akisema ukweli mtupu. Ndani ya ndege yetu kulikuwa na sehemu moja tu yenye urefu wa kusimamisha antena ile, na hiyo ilikuwa pezi la mkia.

Nilimpigia simu shemeji kwanza, kwa woga. Nilimwambia kila kitu, nikasubiri anicheke mpaka simu ipasuke. Hakucheka.

"Shemeji," akasema, "nakutania kwenye ng'ombe, nakutania kwenye uzee wako. Ningekutania kwenye kazi ya dada yangu? Nimeona vidole vyake."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nyumbani nilianza kuzunguka kwa maneno. Nilimwambia mke wangu kwamba labda tunaweza kuweka fimbo ya nje, labda bati dogo, labda mkaguzi atakuwa na haraka. Aliniacha nimalize labda zangu zote. Kisha akauliza, "Ile siku ulisikia?"

"Hapana."

"Nani alisikia?"

"Hakuna. Mdogo wako alisema hasikii. Nilidhani utani."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, kelele nazijua, hata mimi ninazo. Alinitazama, akaenda ndani, akarudi na mkasi wake wa menomeno, ule asiomruhusu mtu kuugusa. "Wapi?" akauliza. Nikamwambia nitakata mimi. "Mikono yako imefanya kazi yake," akasema. Akanifanya nichore mstari kwa chaki, upande mmoja tu wa pezi, kutoka juu hadi chini. Akakata mtoto wake wa mwisho.

Kitambaa kilipofunguka kama mlango, niliingiza kichwa na tochi kutafuta nguzo ya kubandikia shaba. Nikaona kile kipande. Kilikuwa kimegundishwa kwenye ubavu wa katikati, mwandiko wake wa duara, mahali ambapo hakuna mtu angepaona maisha yote ya ndege ile. Kiliandikwa: "Mwenye kazi anasema ndani kumekwisha. Kasema mwenyewe."

Mke wangu alinisikia navuta makamasi mle ndani, akaniambia nisilowanishe mbao.

Zile wiki zilizobaki tulifanya kazi kama watu wanaofukuzwa, na nakiri, zilikuwa tamu kuliko zile za kwanza. Niliivua antena kutoka chini kupitia kidirisha cha ukaguzi, nikabandika tepe mpya kwenye nguzo ya pezi, moja ikienda juu na nyingine chini, zimesimama kama askari, mbali na kamba za chuma za usukani wa mkia. Waya ulikuwa mrefu sasa, kwa hiyo nilitafuta ulio bora zaidi, nikaufunga kila shubiri usije ukacheza angani. Mke wangu alikuwa anashika taa na kuuliza kila kitu: hii kwa nini, ile kwa nini. Niliposema "sawa" ya haraka haraka, alininyooshea mkasi.

Siku ya kujaribu, shemeji alikuja kutoka Ugalla bila kuitwa mara mbili. Nilimpa redio kwa mikono miwili, kwa heshima, mpaka akashtuka. Nilipotaka kupanda kwenye kiti cha rubani, nilimkuta mke wangu ameshakaa.

"Wewe simama hapo," akaniambia.

Pezi lilikuwa bado wazi, kitambaa kinaning'inia. Tulisubiri pikipiki ifike kule nyumba zinapoisha. Mke wangu akabonyeza kitufe, akasema tu, "Mdogo wangu, ni dada. Unanipata?"

Mkwaruzo mfupi, kisha sauti ikajaa bandani mpaka kuku wakakimbia. "Dada! Nakupata! Nakupata vizuri! Nimeishika imesimama, wima kabisa, na nakupata!"

Nikaruka, nikagonga kichwa palepale kwenye bawa. Mke wangu hakuruka. Akamwambia aende mbele zaidi, kisha zaidi, mpaka kule miti inapoanza, na kila mahali akamwuliza, na kila mahali akajibiwa. Mara ya mwisho akasema, "Utani pembeni?" Shemeji akajibu, "Utani pembeni, dada," na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwamini.

Mke wangu alishuka, akaja nyuma ya mkia na sindano, gundi na kalamu. Kile kipande cha kwanza hakukitoa. Alikata kingine, akaandika akiwa ameegemea goti, akakibandika chini yake. Nikainama kusoma kabla hajafunga: "Ndani kumekwisha. Nimesikia mwenyewe."

Kisha akanipa ukingo wa kitambaa, akaniambia nishike hapo, nivute, nisiachie mpaka aseme.